Krimu ya pilipili: usiitupe wiki ya kwanza
Kwa nyayo zinazowaka usiku au goti linalouma kila siku, ulizia duka la dawa krimu ya kapsaisini, ule ukali wa pilipili, 0.025% yatosha kuanzia. Paka kidogo, kama punje ya njegere, mara 3 au 4 kwa siku, wiki 2 hadi 4 bila kuruka. Mwanzoni inawasha kweli (yangu nusura niitupe), kisha neva za ngozi huchoka kupeleka maumivu. Ukipaka siku moja moja utaambulia muwasho tu. Vaa glavu; ukigusa jicho utajuta. Usipake kwenye kidonda wala karibu na kuoga maji moto. Ganzi ikipanda au mguu ukilegea, nenda hospitali.