Panya kwenye banda la bustani: ziba matundu kwanza, mitego ifate, sumu achana nayo

Ukifungua banda asubuhi ukakuta mfuko wa mbegu umetobolewa kwa chini na maganda yametapakaa nyuma ya ndoo, usikimbilie kununua sumu. Najua hasira yake, mi nilishapoteza mbegu za msimu mzima namna hiyo, nikatega, nikaua, nikashukuru, na baada ya wiki chache wakarudi vilevile, ndo nikaelewa kwamba unaemuua leo nafasi yake inachukuliwa na mwingine kama tundu bado lipo na chakula bado kipo. Na wanazaana haraka sana jamani, jike anabeba mimba wiki tatu tu, anazaa watano mpaka wanane kwa mkupuo, na hao watoto wakifikisha kama wiki sita na wao wanaanza kupandana.

Kwanza ujue una panya gani. Angalia mavi. Ya panya mdogo (yaani jamii ya panya wadogo wa nyumbani, sio mtoto wa panya) ni kama punje ya mchele, milimita 3 mpaka 6 hivi, yamechongoka nchani, ya panya mkubwa yanafika sentimita 1 mpaka 2. Yakiwa meusi na laini ni ya juzi juzi, yakiwa ya kijivu na ukiyagusa na kijiti yanasagika basi ni ya zamani. Hii tofauti ina maana kwenye kutega, maana panya mkubwa anaogopa kitu kipya, anaweza kuupita mtego siku kadhaa bila kuusogelea, ila huyu mdogo ana udadisi, kitu kipya anakuja kukinusa usiku uleule. Hapa naongelea huyu mdogo.

Sasa toa vitu vyote nje. Vyote, hata yale magunia ya pembeni ambayo hujayagusa mwaka mzima, kwa sababu humo ndo wanalala. Mi nilifungua kava la mashine ya kukatia nyasi nikakuta kiota ndani yake, kamba ya kufungia mimea imechambuliwa nyuzi nyuzi mpaka imekuwa laini kama pamba, vipande vya karatasi ya paketi ya mbegu vimo, na waya mmoja wa umeme umetafunwa mpaka shaba inaonekana. Kwahiyo mashine yoyote iliyokaa muda mrefu ifungue uangalie kabla hujaiwasha.

Kabla hujagusa uchafu wao, fungua mlango na dirisha uache hewa ipite kama nusu saa we ukiwa nje. Halafu tafadhali USIFAGIE mavi makavu. Hili nalirudia kila nikiulizwa kwa sababu karibu kila mtu anashika ufagio kwanza, mi mwenyewe nilifanya hivo mara ya kwanza. Mkojo na mavi ya panya yanaweza kubeba vijidudu vya leptospira na salmonela, na baadhi ya jamii za panya wanabeba virusi vya hanta ambavyo mtu anavivuta kwenye vumbi. Vaa glavu na barakoa, changanya dawa ya klorini ya kufulia sehemu moja kwa maji sehemu tisa, nyunyizia mpaka palowe, subiri dakika 5, ndo ufute na karatasi au tambara la kutupa, funga kwenye mfuko, tupa. Hiyo klorini usiichanganye na sabuni au dawa nyingine ya usafi, baadhi zinatoa gesi mbaya.

Banda likiwa tupu ndo wakati mzuri wa kutafuta matundu. Kipimo changu ni penseli, mahali penseli inapita panya mdogo anapita, yaani uwazi wa milimita 6 tu unamtosha, kichwa kikishaingia mwili unafata. Pita chini ya mlango, kwenye kona ambako mbao zimeachana, pale bati linapokutana na ukuta, na kila mahali bomba au waya unapoingilia. Njia moja rahisi ni kujifungia ndani mchana na kuangalia mwanga unapenyea wapi. Tundu ambalo huna uhakika kama linatumika lisindikie karatasi, kesho ukikuta imesukumwa nje umeshapata jibu.

Kuziba, usitegemee povu la kupuliza peke yake, wanalitafuna. Meno yao ya mbele hayaachi kukua kwahiyo kutafuna ndo maisha yao. Shindilia kwanza waya wa chuma wa kusugulia sufuria ujae vizuri, halafu juu yake weka sementi au silikoni. Tundu kubwa au upenyo wa hewa weka wavu wa chuma wenye macho madogo chini ya milimita 6, chini ya mlango pigilia kipande cha bati.

Ila siku hiyohiyo unayoziba tega na mitego ndani, hii watu wanaisahau, unamfungia panya humo anafia nyuma ya mbao halafu harufu inakaa wiki nzima. Mtego wa mbao wa kubana ndo naupenda, ukitegwa vizuri anakufa papo hapo. Panya anatembea akiambaa na ukuta, kwahiyo mtego uukalishe kama herufi T, ile sehemu ya chambo iguse ukuta. Chambo ni siagi ya karanga kiasi cha punje ya harage, sio zaidi, ukijaza analamba pembeni anaondoka. Kipande cha pamba au uzi kimefungwa kwenye kile kidude cha chambo nacho kinafanya kazi, hasa jike anaetafuta vitu vya kiota. Na tega mingi kwa pamoja, mitego sita usiku mmoja ni bora kuliko mmoja kwa siku sita, achanisha kama mita 2, maana huyu mdogo haendi mbali na kiota chake. Kagua kila asubuhi. Ya gundi sikushauri, mnyama anahangaika humo masaa na masaa. Ukitumia ya kukamata hai basi kagua asubuhi na jioni, usimwache humo na njaa.

Sumu je? Nyingi zinazuia damu kuganda, panya anakufa baada ya siku kadhaa, na katikati hapo anazunguka amelegea, bundi au paka au mbwa akimla na yeye inamdhuru. Bundi hao hao ndo wanaotusaidia usiku bustanini, inaniuma sana. Mafuta ya mnanaa na vile vimashine vya kutoa mlio wa kufukuza panya nimejaribu vyote, panya walizoea.

Wakati wa kurudisha vitu, mbegu na chakula cha ndege viende kwenye debe la bati lenye mfuniko unaobana, ndoo ya plastiki wanaitoboa. Vitu vikae kwenye shelfu, chini uweze kupaona, na majani yaliyoegemea banda nje yakate. Acha mitego miwili imetegwa na nyunyiza unga kidogo sakafuni karibu na mlango, wiki mbili zikipita hakuna nyayo kwenye unga na mitego haijaguswa, hapo rudisha mbegu.