Umebuni kitu? Usikimbilie TikTok kabla ya kusoma hii

Sikiza, kama uko pale Kariobangi Light na umeunda breki ya tuktuk inayojishika yenyewe mlimani, kwanza nyamaza kama unataka patenti, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine kutumia uvumbuzi wako. Kenya inakupa miezi 12 ya kuomba patenti baada ya kuanika wazo hadharani lakini Ulaya hakuna huruma hiyo, ukishaposti video umejifungia mlango.

Alafu tafuta kama kuna mwenye alikutangulia. Ingia Espacenet, tovuti ya kutafuta patenti za dunia, ni ya bure, na patenti zimepangwa kwa kodi: breki za magari ziko chini ya B60T, vifaa vya hospitali A61, malipo ya simu G06Q. Soma ile sehemu ya madai, si picha tu, juu madai ndiyo yanasema mwenyewe anamiliki nini hasa.

Sasa hapa ndio watu huanguka: sheria yetu ya patenti ya 2001 haikubali njia ya kufanya biashara, kwa hivyo "app ya kulipa fare" peke yake haitoshi, onyesha shida ya kiufundi umetatua, mfano vile simu inathibitisha malipo bila netwaki. Hospitalini pia, njia ya kutibu haipiti ila kifaa chenyewe kinapita.

Ukiwa tayari peleka maelezo, madai na michoro KIPI, ofisi ya serikali ya patenti, South C, Nairobi. Patenti ni miaka 20 kutoka siku ya kuomba, na ada ya kila mwaka usisahau. Kama ni kaboresho kadogo tu, omba utility model, ulinzi kama patenti lakini wa ubunifu mdogo, ni miaka 10 na mimi naona inawafaa mafundi wengi zaidi.