Kichwa na kichefuchefu, kabla hujasema malaria angalia na jiko

Jamani kichwa kikigonga na kichefuchefu juu wengi tunasema malaria na dawa tunameza hapohapo, pima kwanza, kile kipimo cha kutoboa kidole majibu ni dakika 15 hadi 20 tu. Kama sio malaria inaweza kuwa kipandauso, hicho mara nyingi kinapiga upande mmoja na mwanga unakukera. Mjamzito aliyevuka wiki 20 akiwa na dalili hizi asikae nyumbani kabisa, aende akapimwe presha na mkojo leoleo.

Ila kinachosahaulika ni jiko la mkaa. Baridi ikizidi mtu anaingiza jiko chumbani anafunga dirisha, mkaa umeshakuwa mwekundu hauna moshi anaona salama, kumbe ule mkaa mwekundu ndo unatoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, na haina harufu wala rangi. Mkiona mnaumwa kichwa nyumba nzima kwa pamoja alafu mkitoka nje mnapata nafuu, shukuni gesi hiyo, tokeni wote, hasa watoto waliolala, muende hospitali. Na shingo ikikakamaa na homa juu, au mtu akaanza kuongea visivyoeleweka, msisubiri kukuche.