Mwalimu wa Kiingereza, nyamaza kidogo

Siku moja niliweka simu mezani, nikawasha kinasa sauti, nikafundisha kipindi cha dakika 40 kama kawaida yangu. Jioni nikakaa kusikiliza. Kipindi chote ni mimi. Mimi naeleza, mimi nauliza, mimi najijibu. Wanafunzi wanasikika wakiitika "Yes, teacher" kwa pamoja, na mara mbili tu mmoja wao anatoa sentensi nzima, nayo kaisoma ubaoni. Wakati huo nilikuwa na miaka sita kazini na nilijiona fundi.

Kama hujawahi kujirekodi, anzia hapo. Huna haja ya kumsikilizisha mtu. Chukua daftari, chora kijistari kila mwanafunzi anapotunga sentensi yake mwenyewe, si ya kukariri. Mimi mara ya kwanza sikupata hata kijistari kimoja.

Jambo la kwanza nililobadilisha ni dogo mno: ukishauliza swali, hesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Mwanafunzi ana kazi tatu kwa mpigo, kuelewa swali, kutafuta jibu, na kulivika jibu Kiingereza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyechunguza madarasa ya sayansi, alikuta walimu husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kurukia neno. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yakarefuka. Na hao walikuwa wanajibu sayansi. Anayejibu kwa lugha ya kujifunza anahitaji muda zaidi. Ukimya huo utakuwasha mwanzoni. Uvumilie.

La pili, uliza kitu ambacho hukijui. Nimeshika kalamu, darasa zima linaiona, halafu nauliza "Is this a pen?" Nani anahitaji jibu hilo? Badala yake, wakalishe wawili wawili wakiwa wamepeana migongo. Mmoja ana mchoro, mwenzake ana karatasi tupu na penseli. Mchoro uchore mwenyewe, hata kama mkono wako ni mbovu kama wangu: nyumba, mti, mtu kakaa, ndege wawili. Mwenye mchoro anaeleza, mwenzake anachora. Utasikia hivi:

"There is a tree. It is behind of the house."
"Big?"
"Big, yes. More big than the house."
"And the birds, where?"

Makosa yapo, lakini sikiliza hilo "where?" la mwisho. Anauliza kwa sababu asipouliza hatajua achore wapi. Mwishoni wanalinganisha michoro miwili, wanacheka, na wewe umesema sentensi mbili tu tangu zoezi lianze.

Ukitaka ulimi uwe mwepesi, jaribu mbinu ya 4/3/2. Mwanafunzi anasimulia kisa kimoja kwa dakika 4, anabadilisha mwenza, anakisimulia kilekile kwa dakika 3, kisha kwa mwenza wa tatu kwa dakika 2. Wanaoanza nawapa dakika 2, moja na nusu, na moja. Kisa kisibadilike. Safari ya tatu hatafuti tena maneno, anayapanga tu.

Sasa makosa, na hapa ndipo mwalimu anayejua Kiswahili ana mtaji ambao mgeni hana. Makosa mengi ya wanafunzi wetu ni Kiswahili kilichovaa maneno ya Kiingereza. Niliwahi kumuuliza kijana nduguye yuko wapi, akanijibu "He has slept." Nikamwambia amekosea, nikampa sahihi, kesho yake akarudia. Mpaka nilipoelewa kwamba kichwani anasema "amelala". Ile -me- yetu katika amelala, amesimama, amevaa na amechoka inaeleza hali iliyopo sasa hivi. Kwa Kiingereza ni "He is asleep", "She is standing", "He is wearing a coat", "She is tired". Niligawa ubao nusu kwa nusu, Kiswahili huku, Kiingereza kule, na kosa nililolipigia kelele miezi mitatu likaanza kupungua wiki hiyohiyo.

Ukizoea kutafuta asili utaziona nyingine. "My father he is coming" inatokana na kiambishi cha a- katika "baba anakuja". "I hear a bad smell" ni kwa sababu sisi harufu tunaisikia. Ukimuuliza "Haven't you eaten?" atajibu "Yes", akimaanisha ndiyo, sijala, Mwingereza hapo anasema "No". Halafu kuna "he" na "she", ambazo sisi zote kwetu ni yeye. Hizi usizieleze, kila mtu anazijua kwa maelezo na kila mtu anazichanganya akiongea. Mwambie mwanafunzi amzungumzie dada yake kwa dakika moja, na mwenza wake ainue kidole kila "he" inapoponyoka. Hawatachoka kuvizia.

Matamshi nayafanya dakika tano, si zaidi. Sisi tuna irabu 5. Kiingereza cha Uingereza, kwa hesabu ya kawaida, kina sauti za irabu zipatazo 20. Ndiyo maana "cat", "cut" na "cart" zinatoka kinywani zikiwa mapacha watatu. Andika ubaoni 1 "ship", 2 "sheep". Wape mgongo, tamka moja, wao wainue kidole kimoja au viwili. Kisha mwite mwanafunzi atamke yeye, darasa liinue vidole. Wakigawanyika nusu kwa nusu, amejua mwenyewe kwamba hakueleweka, na wewe hukumwambia kitu.

Kuhusu kusahihisha nina deni. Kuna binti nilimkatiza mara tatu katika sentensi moja, na kila sahihisho langu lilikuwa la haki kabisa. Hakunyosha mkono tena mpaka muhula ukaisha. Siku hizi wakiongea mimi napita katikati yao na kikaratasi, naokota makosa. Mwishoni naandika matano ubaoni bila kutaja mwenyewe, na darasa linayarekebisha. Makosa mengine naacha yapite.

Msamiati usiugawe neno mojamoja. Sisi tunafanya kosa na tunafanya kazi ya nyumbani. Kiingereza ni "make a mistake" lakini "do homework". Basi waandike jozi nzima kwenye kadi, Kiswahili nyuma, na kadi zirudi kesho, wiki ijayo, na mwezi ujao.

Na Kiswahili darasani? Nakitumia. "Although" ni ingawa, sekunde moja, tumeendelea. Nimemwona mwalimu akiigiza neno hilo kwa mikono dakika tano, na wanafunzi wakaondoka wakiamini maana yake ni kuogelea. Kumwadhibu mtoto kwa kuongea lugha yake ndilo jambo ambalo sijawahi kuona linamfundisha nyingine.

Kelele zitakuwepo, hasa darasa likiwa la watu 60. Kabla hujawaruhusu waanze, kubalianeni ishara: nikiinua mkono, kila anayeniona anainua wake na kufunga mdomo. Fanyeni mazoezi ya hiyo ishara kabla ya zoezi lolote la wawili wawili, la sivyo hutawarudisha.

Kengele ikikaribia, nasimama mlangoni. Tiketi ya kutokea ni sentensi moja ambayo haikuwepo ubaoni. Sitini hawawezi kupita wote, kwa hiyo nachukua safu moja kwa siku, na ikifika Ijumaa safu zote tano zinakuwa zimezunguka. Juzi mmoja alisimama mbele yangu, akafikiri, akasema, "Teacher, today you talked small." Nikampisha apite.