SOMO: Kupima trafiki ya mtandao kwa hesabu za Mto Nile

Wakuu, Mwingereza Harold Hurst alikaa Misri miaka mingi akipima Nile, mto huu huu unaotoka Ziwa Victoria. Mwaka 1951 alionyesha kwamba miaka ya maji mengi huandamana, na ya ukame vilevile, kupita bahati nasibu ya kawaida. Mwaka 1993 watafiti wa Bellcore, maabara ya simu ya Marekani, wakatangaza kwamba pakiti (vipande vya data) za Ethernet, yaani mtandao wa waya wa ofisini, zina tabia hiyohiyo. Kipimo chake ni H (ya Hurst), namba inayoonyesha kuandamana huko kuna nguvu kiasi gani, na unaweza kukipata mwenyewe.

1. Omba ruhusa ya mwenye mtandao. Hapa hakuna njia ya mkato.

2. Kusanya saa nzima kwa tcpdump, programu ya kurekodi pakiti (eth0 ni jina la kadi ya mtandao):

tcpdump -i eth0 -s 64 -w trafiki.pcap

Hiyo 64 inabakiza baiti za mwanzo za kila pakiti. Tunataka muda wa kufika, si maneno ya watu.

3. Hesabu pakiti za kila milisekunde 10, kisha tafuta variansi, yaani jinsi namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani.

4. Hapa ndipo penye utamu. Panga namba hizo kumi kumi, tafuta wastani wa kila kundi, halafu variansi ya wastani hizo. Rudia kwa makundi ya mia, kisha elfu. Tuseme umeanza na 400. Pakiti zingekuwa zinakuja kila moja kivyake, ungepata 40, kisha 4: mawimbi yanalala upesi. Mtandao wenye watu unaweza kukupa 400, 160, 63. Umepanga namba mia mia na vilima bado vimesimama! Mimi hadi leo jambo hili linanishangaza.

5. Chora logi ya variansi dhidi ya logi ya ukubwa wa kundi. Mfano wetu unashuka 0.4 kila unapozidisha kwa kumi, kwa hiyo H = 1 − 0.4/2 = 0.8. Pakiti zisizohusiana hutoa 0.5.

MASWALI

Mkuu, nina data ya dakika tano tu, inatosha?
Hapana. Makundi ya elfu ni vipande vya sekunde 10, na hapo unabaki na namba 30. Epuka pia saa ambazo watu wanazidi kuingia. Mpando huo utakuza H bure.

Kwa nini pakiti ziandamane?
Mafaili mengi ni madogo, machache ni makubwa mno, na hayo machache hushika laini muda mrefu.

Kazini inanisaidia nini?
Sana, ndugu. H ikiwa juu, kuongeza bafa ya rauta, yaani nafasi ambamo pakiti husubiri zamu, husaidia kidogo tu, maana wimbi ni refu kuliko bafa. Weka hela kwenye upana wa laini.