Taa za nyuma ya kioo zinazofuata gemu bila kula FPS

Naanza na ukuta, maana ndio ulionisumbua kuliko kompyuta. Chumba changu Nyegezi kimepakwa rangi ya mafuta nusu ya chini, kama vyumba vingi vya kupanga hapa Mwanza. Rangi ile inang'aa. Ukibandika nyuma ya kioo cha kompyuta taa zinazobadilika rangi kufuata gemu, huoni mwanga uliotandaa, unaona nukta nukta kama shanga. Nilibandika manila nyeupe ukutani na tatizo likaisha. Kama ukuta wako ni wa chokaa nyeupe, ruka hapo.

Sasa FPS, yaani fremu ambazo gemu linatoa kwa sekunde. Taa zenyewe hazili kitu. Kinachokula ni programu inayopiga picha ya kioo mara kadhaa kwa sekunde, pamoja na zile programu za rangi zinazokuja na kibodi, kipanya na ubao mama, kila moja ikijifungua yenyewe Windows ikiwaka. Kwa hiyo kompyuta ipewe kazi ndogo kadiri inavyowezekana, nyingine ibebwe na bodi ya pembeni.

Hatua ya 1: pima kabla hujagusa chochote. Pakua CapFrameX, ni ya bure. Cheza sehemu ileile ya gemu kwa dakika moja, rudia mara tatu, andika matokeo. Wastani haukusaidii sana. Angalia ile 1% ya chini, yaani FPS za nyakati mbaya kabisa, maana ndiyo unayoihisi gemu inaposita ukigeuka ghafla.

Hatua ya 2: safisha. Fungua Task Manager, nenda kwenye orodha ya programu zinazoanza na Windows, zima zote za rangi. Ukitaka kibodi iendelee kuwaka, tumia OpenRGB peke yake, programu moja inayoendesha rangi za vifaa vya kampuni nyingi. Mbili zikigombania kifaa kimoja ni vurugu.

Hatua ya 3: vifaa na umeme. Utahitaji mkanda wa WS2812B (kila taa hupokea rangi yake) wa volti 5 wenye taa 60 kwa mita, bodi ndogo ya kuendeshea taa iitwayo ESP32, na adapta ya volti 5. Hapa usikisie, piga hesabu. Kioo cha inchi 24 kina upana wa sentimita 53 hivi na kimo cha 30. Mimi huzungusha juu na pande mbili tu. Chini kuna meza, mwanga unapotea bure. Hiyo ni sentimita 113, taa 68. Taa moja ikiwaka nyeupe kabisa hula hadi miliampea 60, kwa hiyo zote ni kama ampea 4. Chukua adapta ya ampea 5.

Mara ya kwanza nilikuwa mbishi, nikavuta umeme wa mkanda kutoka USB ya kompyuta. Mwanzo wa mkanda ulikuwa mweupe, katikati manjano, mwisho wekundu wa kaa la moto. Hiyo ndiyo dalili ya volti kushuka: bluu na kijani hufa kwanza. USB 2.0 imepangiwa ampea 0.5 tu, kwa hiyo nilikuwa na bahati sikuunguza kitu.

Kwenye kuunganisha, waya hasi wa adapta na hasi ya ESP32 lazima vikutane, la sivyo taa zitapepesa ovyo. Waya chanya wa adapta uende kwenye mkanda tu, bodi ipate umeme wake kwa USB. Waya wa data uwe mfupi, na uweke resista ya ohm 330 karibu na mkanda.

Hatua ya 4: WLED, programu ya kuendesha taa inayokaa ndani ya bodi. Unaiweka kwenye ESP32 kupitia Chrome au Edge, ni dakika chache. Andika idadi ya taa, chagua mpangilio wa rangi wa GRB (kijani, nyekundu, bluu), kisha weka kikomo cha umeme miliampea 4000. Kikomo cha mwanzo ni 850, ndiyo maana wengi hulalamika taa zao zimefifia.

Hatua ya 5: HyperHDR, programu ya kompyuta inayonasa rangi za kioo na kuzituma kwenye taa. Chagua kifaa cha Adalight (lugha ya kutumia rangi taa) kwa waya wa USB, kasi 115200, na uzime AWA, lahaja yake ya HyperHDR, kwa sababu WLED haiielewi. Kasi hiyo hupitisha baiti 11,520 kwa sekunde. Fremu moja ya taa 68 ni baiti 210 hivi, kwa hiyo zinapita fremu zaidi ya 50. Inatosha sana. Wi-Fi nayo inafanya kazi, ila kwenye nyumba ya wapangaji sita na ruta moja, taa zitachelewa mlipuko.

Kwenye kunasa kioo weka fremu 30 kwa sekunde na ukubwa mdogo kabisa wa picha. Taa 68 hazihitaji picha ya 1080p. Zinataka wastani wa rangi za pembeni basi. Washa pia uongezaji kasi wa vifaa, ili picha ipunguzwe ndani ya kadi ya grafiki kabla ya kufika kwa prosesa.

Hatua ya 6: pima tena, sehemu ileile. 1% ya chini ikishuka waziwazi, teremsha fremu 30 hadi 20 kabla hujalaumu kitu kingine.

Mengine mawili ya hapa kwetu. Adapta ya taa usiichomeke kwenye UPS. Umeme ukikatika, chaji iliyopo iachie kompyuta uwahi kusevu. Na dirisha liwe na wavu. Usiku vijidudu vya ziwani vikivamia, havitafuti balbu ya barazani, vinakuja kwenye manila yako.