Kabla hujapulizia povu chini ya paa

Nyumba inayojengwa unaiona kila mbao na kila waya. Hii unayoishi ina siri zake, na povu la kuzuia joto na baridi likishakauka halifunuliwi ila kwa kisu na jasho.

Nyaya zikaguliwe na fundi umeme sasa, si baadaye. Taa zilizozamishwa darini zisifunikwe, zinapata joto. Panya na mchwa waondoke kwanza. Aina nayo ulizia: povu laini hupitisha unyevu, gumu huuzuia, na anayekwambia "yote sawa tu" mwage.

Halafu uvujaji. Hapa ndipo nilipopata hasara. Dari ya chumba cha nyuma ilikuwa na doa la kahawia, dogo kama kisahani. Nikamwonyesha fundi wa povu. "Hilo povu litaliziba lenyewe," akasema, nami nikafurahi kuokoa hela ya mtu wa paa. Akapuliza lile gumu, nikapaka rangi, doa halikurudi. Misimu miwili ya mvua nilikuwa namsifia fundi huyo kwa kila mgeni. Siku nimepanda juu kutafuta kitu kingine, pua ikakutana na ukungu. Nikachoma bisibisi kwenye boriti kando ya povu: ikazama hadi mpini. Maji hayakuwahi kuacha kuingia, yalikosa tu pa kudondokea. Povu liliyashikilia kwenye mbao kimya kimya. Tulilikwangua wiki nzima, kila kipande kinang'oka na nyuzi za mbao zilizooza. Kwa hiyo paa litengenezwe, lipigwe na mvua kubwa angalau moja, mbao zikauke, ndipo umwite mpulizaji.

Siku yenyewe hameni wote, paka pia. Isosayaneti, kemikali iliyomo kwenye povu, inaweza kuleta pumu. Mafundi wengi hutaja saa 24 kabla ya kurudi, na mimi ningeongeza. Muulize anapuliza unene gani kwa mkupuo. Lile gumu likizidi kama sentimita 5 kwa mara moja hujipikia joto ndani hadi kuungua. Siku zikipita bado linanuka samaki, mchanganyiko haukukaa sawa, usikubali kuambiwa ufungue madirisha tu.

Povu hushika moto, basi upande wa vyumbani lizibwe kwa ubao wa jipsamu. Na nyumba iliyozibwa haipumui kama zamani: chochote kinachochoma gesi au kuni ndani kiwe na bomba la kutolea moshi nje.

Piga picha kabla. Andikishianeni. Na usimalizie malipo kabla hujapanda juu mwenyewe na tochi.